Nani Amepanda kwa Jina Langu

Arua, Jumatano, 16 Aprili 2025

Shangazi Zuhurah,

Salaam aleikum. Sisi hapa wazima. Nasur anakohoa, lakini mume wangu hukohoa kila mwaka mvua zikianza, kwa hiyo usimwombee sana. Nakuandikia kwa sababu laini yako ya simu walikukatia, na hata zamani ilipokuwepo, huko Midia simu ilikuwa inarukia mitandao ya ng'ambo ya mpaka na kumeza salio kabla hatujamaliza salamu. Barua hii anakuletea Hakimu kondakta, kama kawaida.

Shangazi, nina jambo na sijui nilishike wapi. Unajua tangu mwezi wa tatu basi na teksi zote za stendi hazipokei pesa mkononi. Lazima uwe na kadi, na hupewi kadi mpaka uonyeshe kitambulisho cha taifa na namba ya simu. Ukipanda unaigusisha kwenye mashine, ukishuka unaigusisha tena, na kila mara simu yako inaletewa ujumbe. Nilijiandikisha siku ya kwanza kabisa, maana najijua, sipendi foleni. Nikapanda nayo kuja kwako Idi. Kurudi, unakumbuka, Nasur alinifuata kwa pikipiki. Tangu hapo sijatoka Arua. Nina sare za shule mia moja na ishirini za kushona, hata usingizi naugawa.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita nimekaa kwenye cherehani, simu ikalia. "Ndugu Sadiya, umepanda Koboko. Safari njema." Nikacheka. Baada ya saa moja na nusu ikalia tena: "Ndugu Sadiya, umeshuka Arua." Nikaangalia miguu yangu, iko palepale kwenye kanyagio. Jioni nikarudishwa Koboko. Nikasema ni mashine mpya, itazoea. Jana Jumanne ikawa vilevile, saa zilezile.

Nimepekua droo, mikoba, hata makopo ya vifungo. Kadi haipo. Je, niliiacha kwako? Angalia chini ya mkeka na kwenye kasha la nguo. Nasur aliusoma ujumbe wa jana kabla yangu, akauliza taratibu sana, "Koboko kuna nani?" Unajua akiuliza taratibu ndiyo mbaya. Nilimwambia mimi niko mbele yake. Akasema anaona, lakini simu nayo inaona.

Nisaidie, Shangazi. Kuna mtu amevaa jina langu anatembea nalo.

Wako,
Sadiya

*

Midia, Jumamosi, 19 Aprili 2025

Sadiya,

Aleikum salaam. Barua nimepata. Mimi mzima, isipokuwa nyonga, nayo siku hizi nasalimiana nayo kwanza asubuhi kabla ya watu. Karanga zimeota vizuri upande wa kijito, upande wa juu mbuzi wa jirani wamenisaidia kupalilia mpaka mizizi.

Kadi sijaiona. Nimeangalia ulikosema.

Hayo mambo ya mashine mimi siyajui. Baba yangu alinifundisha kusoma na kuandika Kiswahili cha jeshini, hakunifundisha mashine. Ila nakushauri, usiende kuifunga hiyo kadi haraka. Hapa Koboko watu wanasema aliyefungiwa kadi jina lake linaingizwa kwenye orodha mbaya, na kulitoa ni kazi ya miezi. Kama mtu anapanda na kushuka tu, anakupunguzia nini? Acha kwanza. Mwambie Nasur ushone sare zako ukiwa umekaa mlangoni, akuone.

Nakutumia karanga za mwaka jana, kibaba kimoja. Usimpe Nasur zote, zitamkereketa koo.

Zuhurah

*

Arua, Jumatano, 23 Aprili 2025

Shangazi,

Karanga zimefika, asante. Ushauri pia umefika, lakini huo umenishinda kuumeza.

Jana Jumanne nilijiapia nitamkamata. Simu iliponiambia nimepanda Koboko, niliacha cherehani na sare zake nikaenda ofisi ya kampuni ya basi, hawa Pambazuka, pale nyuma ya stendi. Kuna binti anaitwa Daisy, ana kucha ndefu na subira fupi. Nikampa kitambulisho, nikamwambia nataka kadi yangu ifungwe, imeibwa. Akabonyeza, akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kioo.

"Mama, mashine nasema wewe iko Maracha sasa," akasema. "Iko ndani ya basi."

Nikamwuliza, "Na huyu naongea na wewe hapa iko nani?"

"Hiyo sasa mimi hajui."

Shangazi, hakuwa ananitania. Alinieleza kwa upole kwamba kadi iliyo safarini haifungwi mpaka safari iishe, ili abiria asikwame njiani, na abiria ni mimi. Kwa hiyo nisubiri nifike. Nikakaa kwenye benchi kujisubiri. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunishauri. Mmoja akasema ni majini, mwingine akasema mimi nina pacha ambaye wazazi hawakuniambia. Yule wa pacha alinisumbua kichwa kuliko wa majini.

Basi lilipoingia nikakimbia, lakini uwanja ulikuwa umejaa, na nilipofika mlangoni wengi walikuwa wameshashuka. Niliona mgongo wa mama mmoja mwenye shali ya kijani kama yako, anachechemea kuelekea barabara ya maofisini. Nilitaka kuita. Kisha nikajicheka: wewe uje Arua usipite kwangu ule? Nikamshika Hakimu, nikamwuliza nani amegusisha kadi ya Sadiya. Akaangalia viatu vyake. Akasema, "Mimi haiangalie sura ya mutu. Iko mashine ndio naangalia." Mtu huyu ananijua tangu nina meno ya utotoni.

Daisy ameniambia kadi haifungwi siku iliyosafiri, nirudi Jumatatu yoyote, siku ambayo mwenzangu hasafiri. Sitaki kukuvunjia heshima, lakini siwezi kuishi na mume anayenihesabia mlangoni. Nataka jina langu lirudi nyumbani.

Sadiya

*

Midia, Jumatatu, 28 Aprili 2025

Sadiya,

Usiifunge. Ngoja mpaka tarehe sita ya mwezi wa tano ipite. Baada ya hapo fanya unavyotaka.

Usiniulize kwa nini. Tangu nikulee nimekuomba mambo mangapi? Hili naliomba.

Zuhurah

*

Arua, Jumatatu, 5 Mei 2025

Shangazi,

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta maneno yaliyobaki. Hayapo. Tarehe sita kuna nini? Wewe umejuaje kwamba mwizi ana tarehe? Kama unamjua, mtaje. Kama ni mtoto wa jirani anayekwenda kwa mchumba wake, sema, nitacheka na kumwachia. Ukisema "usiniulize" unanifanya niulize usiku na mchana, na Nasur akiniona nimeduwaa anaamini ninamfikiria mtu wa Koboko. Ijumaa alilala kwa kaka yake. Hakugombana, alichukua tu mto wake.

Mficha uchi hazai, Shangazi. Wewe ndiye uliyenifundisha msemo huo nilipokuwa naficha jipu.

Leo asubuhi nimeenda kwa Daisy. Kadi ilikuwa imelala. Ameifunga. Nilitia saini, nikatoka nje, na kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima nikajua niko wapi. Nisamehe kama nimekosea, lakini nikosee kwa kitu ninachokijua.

Sadiya

*

Midia, Jumanne, 6 Mei 2025, alasiri

Sadiya,

Ni mimi.

Kadi ilidondoka kwenye mkoba wako siku ya Idi. Niliiona kabla pikipiki ya Nasur haijafika kwenye barabara kubwa, na sikukuita. Nauli nilikuwa naitia mwenyewe kwa wakala wa stendi. Nimesema uongo katika barua, kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa nitaeleza yote, na ukimaliza kusoma uniambie kama bado nina mtu Arua.

Leo asubuhi nilifika Koboko mapema, nimevaa ile shali ya kijani. Nikagusisha. Mashine ikawaka nyekundu. Hakimu akaifuta kwa shati lake, akajaribu tena. Akasema, "Kadi imekufa, Mama." Watu walikuwa nyuma yangu, wananisukuma na vikapu. Nikatoa pesa, akasema pesa hapana, kamera iko juu inamwona. Alikuwa karibu kulia, usimlaumu. Nimezunguka stendi nzima, teksi zote ni kadi. Bodaboda mmoja alikubali, tulifika kabla ya Ovujo nyonga ikakataa kabisa, akanishusha chini ya mti, kisha akanirudisha. Saa tatu walikuwa wananiita jina langu Arua na sikuwepo.

Waliokuwa wananiita ni ofisi ya vitambulisho.

Wewe unajua sina kitambulisho, ulidhani nimezembea. Sikuzembea. Walipokuja kuandika watu mwaka 2014, afisa aliniuliza nimezaliwa wapi. Mama yangu alikwenda kujifungulia kwao, kama mabinti wote wa kwetu kwa mtoto wa kwanza, na kwao ni Kaya, ng'ambo ya kijito, upande wa Sudan. Alikaa siku arobaini, akarudi Koboko na mimi mgongoni. Baba yangu alikuwa askari wa Uganda hapa hapa. Mimi nikasema ukweli: Kaya. Afisa akaandika mgeni, akafunga kitabu. Kwa ajili ya siku arobaini. Tangu hapo ni mgeni shambani kwangu. Laini ya simu wakakata, hospitali wananiuliza kadi, na sasa barabara nayo imefungwa. Zamani kondakta alikuwa anajua mimi ni nani na hiyo ilitosha.

Koboko wakaniambia faili liko Arua, niende kila Jumanne. Nimeenda na karatasi ya jeshi ya baba, wakasema jina limefutika. Leo nilikuwa nimepata shahidi, Mzee Acidri wa Logiri, aliyepiga tarumbeta kambini chini ya baba yangu. Hakimu ameniletea habari mchana: mzee aliletwa kwa baiskeli, akakaa mpaka saa sita, akachoka, mjukuu wake akamrudisha na kusema hatamleta tena. Afisa amesema imebaki tarehe 27. Niende na ndugu wa damu mwenye kitambulisho, la sivyo faili linafungwa moja kwa moja.

Utauliza kwa nini sikukuchukua wewe tangu mwanzo. Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito.

Kitambulisho chako kinasema mama yako ni mimi, na baba yako ni marehemu mume wangu, na umezaliwa Koboko mwezi wa pili, 1979. Ulidhani niliandika hivyo kwa sababu tulikulea. Sivyo. Kuna mtoto aliyezaliwa Koboko mwezi wa pili, 1979, na mama yake ni mimi. Aliitwa Sadiya. Tulipokimbilia Zaire vita vilipoingia, surua ilimchukua huko. Wewe ulizaliwa hukohuko kwenye kambi ya wakimbizi, 1981, kwa kaka yangu Hamdani, na wazazi wako wote wawili walipofariki nikabaki na wewe mkononi na karatasi ya kliniki ya mwanangu kifuani. Tulirudi 1987. Mpakani walitaka karatasi ya kila mtoto. Nikakupa yake. Ulikuwa mdogo, ulilizoea jina kwa wiki moja.

Kwa hiyo uongo ulikupa wewe kitambulisho, na ukweli ukaninyima mimi. Nikikupeleka mbele ya yule afisa, utaapa jambo ambalo nimelitengeneza mimi. Nilitaka uendelee kutojua. Asiyejua hashtakiwi. Ndiyo maana nilipita karibu na mlango wako kila Jumanne na sikubisha. Mara moja nilisikia cherehani yako.

Sasa nimeshasema. Kuhusu tarehe 27, acha. Nina karanga, nina kijito, nitakaa Midia.

Zuhurah

*

Arua, Jumamosi, 10 Mei 2025

Sijui nikuanzie na jina gani, kwa hiyo naanza bila jina.

Nimekaa siku mbili na barua yako chini ya kitambaa cha sare. Nimemsomea Nasur yote. Nilifikiri atasema neno kubwa. Aliuliza tu, "Yaani wewe umezaliwa themanini na moja?" Yeye ni wa themanini. Miaka ishirini na mbili ya ndoa amekuwa akinitania kwamba ameoa dada yake mkubwa, na leo ameniomba msamaha kwa hilo, hilo tu. Nikacheka mpaka nikalia, kisha nikawa nalia tu. Mto wake umerudi.

Nina hasira na wewe. Nataka uijue. Ulipita mlangoni kwangu na nyonga mbovu, ukasimama juani kwenye foleni, na mimi nilikuwa hatua mia tatu nikikuita mwizi. Umenifanya nikufungie njia kwa saini yangu mwenyewe. Kila nikifikiria ile mashine nyekundu na watu wanakusukuma, nashona ovyo, nimeharibu kola mbili.

Na mimi ni nani? Nauliza kweli, silalamiki. Nilimwambia Daisy kuna mtu amevaa jina langu, kumbe mimi ndiye niliyelivaa kwanza. Nina miaka arobaini na nne au arobaini na sita? Kabla hujanipa jina la mwanao, nilikuwa naitwa nani? Mtu lazima aliniita kitu kwa miaka sita. Nimejaribu kukumbuka, nasikia maji, nasikia kuku, jina silisikii.

Usiniandikie "acha". Nimerudi kwa Daisy. Kadi iliyofungwa haifufuki, lakini mwenye kitambulisho anaweza kuchukua mpya. Nimechukua. Iko ndani ya bahasha hii, Hakimu ameapa kukukabidhi mkononi. Ina jina la binti yako. Panda nayo Jumanne tarehe 27, asubuhi. Nitakuwa mlangoni mwa basi.

Nitasema nini mbele ya afisa, bado sijui. Nisikudanganye kwamba najua.

Yule uliyemlea

*

Midia, Ijumaa, 30 Mei 2025

Mwanangu,

Nimefika salama, Hakimu alinipa kiti cha mbele na hakutaka nimshukuru. Ile karatasi ya namba waliyonipa nimeiweka ndani ya msahafu. Kitambulisho chenyewe wanasema kitachukua miezi, wakati mwingine mwaka. Nimesubiri mengi marefu zaidi. Jana mwenyekiti wa kijiji alikuja kuiona karatasi, akaisoma mara mbili kwa sauti, kana kwamba ni mimi nisiyejua kusoma.

Sasa nijibu swali lako, kwa sababu Jumanne hatukupata nafasi, na mbele ya watu nisingeweza. Mama yako alikuwa Mlugbara, binti wa Logiri, mcheshi kuliko sisi sote. Alikuita Ayikoru, kwa furaha aliyokuwa nayo, maana alikuwa amepoteza wawili kabla yako. Ndugu zake wapo. Nitakupeleka nikipata kitambulisho, au unipeleke wewe, sijui nani anampeleka nani. Una miaka arobaini na nne. Ulizaliwa wakati wa kupanda ulezi, tarehe hatukuandika.

Jina la Sadiya usilirudishe. Sikukukopesha. Limekaa kwako miaka mingi kuliko lilivyokaa kwake.

Nina jambo moja zaidi. Ulipokuwa na miaka sita, tumerudi juzijuzi tu, ulikuwa unaosha miguu kizingitini, ukaniita mama. Watoto wengine wote walikuwa wanaita mama zao, nawe ukajaribu. Nikakupiga kofi. Ukaanguka kwenye beseni. Nadhani umesahau, maana hukuniita tena, tangu siku hiyo ikawa shangazi. Mimi sikusahau. Nilikuwa nimekupa jina lake, gauni lake, karatasi yake, hata siku yake ya kuzaliwa. Neno hilo moja nilikuwa nimembakizia yeye, nilihisi nikikupa na hilo atakuwa amekufa kabisa.

Jumanne yule afisa alipokuuliza, "Huyu mama iko nani yako?" uliangalia meza muda mrefu. Nilijua unafikiria kiapo. Nilikuwa tayari kusimama na kuondoka ili usiseme. Kisha ukasema, "Iko mama yangu," na mimi nikangoja nisikie uchungu kama wa siku ile. Sikuusikia. Nilisikia tu umenishika mkono chini ya meza na kiganja chako kimejaa alama za sindano.

Idi ni Ijumaa ijayo. Njooni na Nasur, nitachinja jogoo mwekundu. Na ukifika, niite hivyo tena, hata kama hakuna afisa wa kusikiliza.

Zuhurah